Kilio cha Ulukman Msibani kwa Watu

Siku kumi na tisa polisi walimweka ndani Ulukman Derbishev, na siku kumi na tisa hakulitaja jina. Walimwuliza kwa upole wakampa chai, wakamwuliza kwa matusi wakamnyima usingizi, wakamdanganya kwamba mkewe ameshafunga mizigo anarudi kwao. Jibu lake lilikuwa lile lile: mwandishi hamtaji aliyempa habari, na sheria ya nchi inasema hivyo. Mwishowe walichoka, wakamwachia. Pale gazetini, mjini Naryn, wenzake walimpokea kwa makofi. Hata Burulcha, mhariri wake, mwanamke asiyemsifu mtu hata kwa bahati mbaya, alimkatia kipande cha nyama ya farasi kwa mkono wake mwenyewe na kumwekea kwenye sahani.

Basi Ulukman huyo huyo ndiye aliyemtia Saparaly mikononi mwa polisi, tena bila kuulizwa na mtu.

Saparaly alikuwa mkaguzi wa majengo katika ofisi ya ujenzi ya mkoa. Aliandika ripoti kwamba paa la shule mpya ya kijiji kimoja bondeni limebebwa na vyuma vyembamba kuliko vilivyochorwa, na kwamba watoto wasiingizwe. Wakubwa waliifungia ripoti kabatini, wakakata utepe, wakapiga picha, watoto wakaingizwa. Saparaly akaona hapana. Alitoa nakala, akaiviringisha ndani ya taulo na kumpa Ulukman kwenye bafu la mvuke la mjini, mahali ambapo simu huachwa nje na kila mtu yuko uchi kama mwenzake. Habari ikatoka, wazazi wakawaondoa watoto wao. Theluji ya kwanza ilipoanguka, paa nalo likaanguka, juu ya madawati matupu.

Hapo ndipo serikali ilipopandwa na mori. Waliopata kuishika ripoti ile ofisini walikuwa saba, na wakubwa walitaka kumjua mmoja.

Wawili hao walikuwa na makubaliano yao. Nje ya bafu hawajuani. Wakikutana sokoni kila mtu ashike njia yake, hata salamu hakuna. Saparaly alikuwa na mke, binti wawili na mama mzee, akasema yeye si shujaa, anachotaka ni kulala kwake. Ndani ya mvuke alimwita Ulukman baike, kaka mkubwa, ingawa walipishana miaka mitatu tu. Ulukman aliapa.

Wiki moja baada ya kuachiwa, Ulukman alikuwa akipanga matangazo ya misiba, kazi ambayo pale gazetini kila mtu huikwepa. Akalikuta jina la bibi Sonunbü, mama yake Saparaly. Burulcha alimwona alivyobadilika uso. Hakuwahi kuambiwa jina la mtoa habari, wala hakutaka kuambiwa, lakini hakuwa mjinga.

"Usiende," alimwambia.

"Eje, dada yangu mkubwa, mama wa mtu amekufa."

"Ndiyo maana nasema usiende. Unakwenda kumzika mama au kumzika mwana?"

Ulukman alimjibu kwamba nusu ya wilaya itakuwa pale, hata mahasimu wa nyumba ile watakwenda, na asiyeonekana ndiye atakayezungumzwa. Atasimama nyuma. Atatoa pole, atamega mkate, atakunywa chai, ataondoka. Na kweli kama angefanya hivyo, lisingekuwa neno. Mtu baki hufika msibani kimya, akakumbatiana na wafiwa, akaketi. Anayekuja mbio tangu barabarani akilia kwa sauti kubwa, mama yangu wee, mama yangu wee, huyo ni mtoto wa nyumba, au rafiki wa damu aliyelishwa na marehemu. Kila mtu huko analijua hilo, na Ulukman alilijua tangu angali anatambaa.

Aliteremka kwenye gari chini ya kilima. Juu aliliona hema la msiba, na mbele yake wanaume wa nyumba wamejifunga mishipi kiunoni, wameinamia fimbo zao. Ndani wanawake walikuwa wakimlilia marehemu kwa ile sauti ndefu ya kupokezana. Sauti hiyo ilimkuta hana kinga.

Tuseme ukweli wake, maana yeye mwenyewe alichelewa kuusema. Mama yake Ulukman, Anarkan, alikufa miaka kumi na minne nyuma, wakati mwanawe akipakua makreti ya kabichi kwenye soko moja la Moscow. Alifika nyumbani siku ya arobaini. Hema lilikuwa limeshang'olewa, imebaki duara ya nyasi za manjano. Hapakuwa na mtu wa kumkimbilia wala wa kumwitikia kilio. Alikunywa chai na wajomba zake, wakamwambia ndiyo dunia, akarudi Moscow na kilio chake tumboni.

Sasa kilimtoka. Miguu ilianza kukimbia kabla hajaiamrisha, na mdomo ukafunguka: mama yangu wee, umeniacha na nani, mama yangu wee. Alikipanda kile kilima kizima akilia. Watu wakampisha njia. Saparaly alinyanyua kichwa, akamwona ni nani. Angeweza kubaki ameinama, akampa mkono baridi kama anavyopewa mgeni yeyote. Hakufanya hivyo. Aliitupa fimbo, akafungua mikono, akakiitikia kilio.

"Mama yetu ametutoka, baike," alisema, na kila aliyekuwa karibu alisikia.

Aliyekuwa karibu ni Torogul, naibu mkuu wa ofisi ya ujenzi, aliyekuja na wafanyakazi wote kutoa pole. Alikuwa amevua kofia kwa heshima. Aliwatazama wale wawili waliokumbatiana kama mtu aliyemwona kuku wake katika banda la jirani. Kisha akaivaa kofia yake.

Siku tatu baada ya mazishi polisi walimchukua Saparaly mbele ya binti zake, kwa kosa la kutoa siri ya ofisi.

Ulukman aliacha kula. Msichana mmoja mwandishi alisafiri kutoka Bishkek, mji mkuu, kuja kumhoji juu ya ujasiri. Ulukman alimwambia akamhoji mtu mwingine. Usoni pa wenzake aliona heshima, na heshima hiyo ilimchoma. Mwishowe alimwendea Burulcha, akafunga mlango.

"Sikumlilia yule bibi, eje. Hata sura yake sikuwahi kuiona. Nilikuwa namlilia mama yangu. Nimemfunga mtu kwa msiba wangu."

Burulcha hakumgombeza. Afadhali angemgombeza. Alimpeleka kwa wakili, na wakili alipoyasikia alikaa wima. Nakala haikuwa na alama ya mtu, alisema, na bafuni hakuna shahidi. Ushahidi wote wa serikali ni kilio kile. Ulukman akisimama mahakamani aseme hamjui Saparaly, kwamba alipita tu njia, akaliona hema, akamkumbuka mama yake, basi kesi haina miguu. Kumlaza Saparaly nyumbani kwake kulitaka maneno hayo tu, na yaliyohusu machozi yote yalikuwa kweli. Kwa mara ya kwanza katika wiki nyingi, Ulukman alilala.

Siku ya kesi ukumbi ulijaa. Jamaa wa Saparaly walikuja na shangazi zao wote, wamejitanda vitambaa vyeupe. Saparaly alikuwa kizimbani nyuma ya vyuma, amekonda, ndevu za msiba bado hajazinyoa. Mwendesha mashtaka alikuwa mjanja. Hakumwuliza Ulukman nani alimpa ripoti, maana sheria ingemkinga. Alimwuliza habari za msiba tu.

Ulukman aliyasema kama alivyofunzwa. Hamjui mshtakiwa. Alikuwa safarini, akapita. Alieleza habari za Moscow, za soko, za duara ya nyasi, na sauti ilimtetemeka bila kuigiza. Hakimu, mama mtu mzima, aliacha kuandika akamsikiliza. Wakili alianza kutabasamu.

"Kwa hiyo," mwendesha mashtaka alisema polepole, "machozi yale hayakuwa ya marehemu Sonunbü?"

"Hayakuwa yake. Simjui. Nilimlilia mama yangu."

Shangazi mmoja alitoa sauti kama aliyechomwa sindano. Ukumbi ukanong'ona. Kumkana maiti uliyemlilia, mbele ya mwanawe na ukoo mzima, ni jambo ambalo hata wahuni hawalifanyi. Ulukman aliyakaza macho kwenye meza ya hakimu. Alijiambia ni dakika chache tu, kisha mtu huyu atakwenda kwake.

"Baike," Saparaly alisema kutoka kizimbani. "Basi, inatosha."

Wakili alimwashiria akae. Hakukaa. Alivishika vile vyuma kwa mikono miwili.

"Mheshimiwa Hakimu, anasema uongo kwa ajili yangu. Namjua. Ripoti nilimpa mimi, na ningempa tena. Nifungeni. Lakini mama yangu hatatajwa hapa kama mtu aliyeliliwa kwa makosa. Ofisi nzima ilikuja na kofia mikononi, wakala wakaondoka. Mtu mmoja tu alimlilia kama mwanawe. Hilo sitakubali mnipokonye."

Alipewa miaka mitano. Ulukman alisukumana na watu mpaka kwenye korido ambako askari walikuwa wakimpitisha. Alitaka kumwambia. Neno lote lilikuwa mdomoni: kwamba juu ya machozi hakusema uongo mahakamani, kwamba bibi Sonunbü hakuliliwa hata chozi moja, kwamba amejitoa bure. Saparaly alisimama alipomwona, askari akampa muda kidogo.

"Asante, baike. Ulimlilia mama vizuri."

"Nilimlilia, ndugu yangu," alisema Ulukman.