Ishara ya Pili

Rehemah aliteremka kwenye basi la Nairobi mikono mitupu, na papo hapo Muhamadi akajua kwamba kazi ipo. Binti anayerudi nyumbani kuolewa huja na sanduku. Yeye, baba mtu, alikuwa ameacha lori lake upande wa Uganda akavuka mpaka wa Busia kwa miguu, aje amchukue mwanawe ampeleke Tororo, ambako posa ya Badiru ilikwisha kupokelewa. Mwaka ule wa sabini na saba, huko Uganda, watu walichukuliwa mchana kweupe wasirudi. Muhamadi alitaka wanawe wote wawe karibu naye, basi.

Wakaketi kwa Anjeline, mama muuza chai.

"Hiyo kazi ya maabara inakushika namna gani mpaka unakataa bwana?"

"Nisikilize kwanza, Baba. Damuni mna askari, tunawaita seli T. Seli nyingine humletea askari kipande cha kijidudu, ikamwonyesha. Lakini kuonyeshwa hakutoshi. Lazima huyo huyo aliyemwonyesha ampe na ishara ya pili, kwamba hatari ni ya kweli."

Muhamadi akacheka. "Hiyo najua! Mtu anapiga bodi ya lori, mi siondoki. Nangoja turniboi wangu, msaidizi wa lori, apige na mluzi. Hakuna mluzi, nangoja tu."

"Wewe unangoja, Baba, uko macho. Huyu hangoji. Tunadhani akipata ishara ya kwanza peke yake, anakufa ganzi. Hata kesho ukimwonyesha tena, haamki."

"Askari gani huyo wa kulala?"

"Wa maana sana. Pengine kipande alichoonyeshwa ni cha mwili wenyewe. Asipolala, atawaua wenye nyumba."

Muhamadi akaweka kikombe chini. Alimkumbuka jirani yake Ofumbi, aliyetolewa dukani na askari wa serikali yake mwenyewe. Mtu mmoja alikuwa amelitaja jina lake tu, na hakuna aliyeuliza neno la pili.

"Na hiyo ishara ya pili," alisema polepole, "ikoje?"

"Hakuna aliyewahi kuiona. Ndiyo tunaitafuta."

"Nyinyi?"

"Sisi. Na mimi nimo."

Kifua kilimjaa Muhamadi. Yeye alikuwa amebeba chumvi na saruji maisha yake yote, na huyu, aliyemfundisha mwenyewe kusema bismillahi, anasaka kitu ambacho macho ya dunia hayajakiona! Akamwita Anjeline amweleze, akakosea nusu ya maelezo, na Rehemah akamwacha aendelee. Kisha akamsindikiza mwanawe kwenye basi la kurudi, akasimama pale hadi vumbi lilipotua.

Upande wa Uganda, Muniru, ami yake Badiru, alikuwa akimngoja karibu na lori. Wanajeshi wawili walikuwa wameegemea kizuizi.

"Bibi harusi yetu wapi?"

"Amerudi kazini."

"Kazi gani inamshinda Badiru?"

"Anatafuta kinachozuia askari wa mwili wasiue mwili wenyewe."

Muniru aligeuza shingo haraka kuelekea kizuizini. "Sema polepole, ndugu yangu! Watadhani unawasema wao."

Mwanajeshi mmoja aliinua kichwa. Muhamadi alimwona, lakini fahari haikumezeka. Akairudia kauli yake neno kwa neno, kwa sauti ya juu zaidi, na mwisho akaongeza: "Ni binti yangu. Rehemah binti Muhamadi, wa Tororo."