Karatasi Aliyoahidi Kuichana

Mwanne hakuwa mtu wa maneno, na watu wa Mtaa wa Mchikichi walilijua hilo. Ukiwa na barua yako ya aibu, ya kudai talaka au ya kumwangukia bosi uliyemtukana, ulizipita steshenari nne zenye kompyuta mpya ukaenda kwa Mwanne, kwenye upenyo chini ya ngazi ya jengo la vitambaa, feni ikikoroma na printa ikikohoa. Anakuchapia, anakupa karatasi yako, na kesho mkikutana anakusalimia kama hajui lolote. Basi huyo huyo ndiye ninayetaka kukusimulia alivyoharibu. Na simsengenyi, maana hata yeye mwenyewe ukimuuliza hapingi, anainamisha uso tu.

Kazi yake ya pili ilikuwa barakoa. Zipo katuni za Kijapani ambazo watoto wa mjini wamezifia, wenyewe wanaziita anime, zenye wasichana wa macho makubwa kama visahani na nywele za zambarau. Mwanne, mtu mzima wa miaka thelathini na mbili, alizitazama kwenye simu wateja wakikosekana, tena kwa kujificha kidogo. Mtandaoni akagundua kuna paterni za barakoa za nyuso hizo, michoro ya kukatia na kukunja. Unachapa kwenye manila, kila kipande kina namba pembeni, penye mstari mzima unakata, penye vidoti unakunja. Juu ya mkunjo unapitisha kalamu iliyokwisha wino ili karatasi isikatae. Kisha gundi ya mbao, saba inakutana na saba, nane na nane, na baada ya saa tatu manila iliyokuwa bapa imeota pua na mashavu na inakutazama. Ni kazi tamu, asikudanganye mtu.

Ila manila peke yake ni nyepesi, jasho likiigusa inalegea. Kwa hiyo kwa ndani Mwanne alibandika karatasi chakavu, tabaka juu ya tabaka, mpaka barakoa ikawa ngumu kama ganda la kibuyu. Na steshenari gani inakosa karatasi chakavu? Chini ya meza alikuwa na boksi zima la kopi zilizoharibika. Alizichana kwa rula kufuata mistari ya maandishi, vipande vyembamba virefu, maana kipande kilichonyooka hulala vizuri kwenye gundi.

Sasa sikia. Jumanne moja alikuja Josepha, mama lishe anayewapikia makuli wa mtaa wa nyuma. Josepha ni mtu wa Masasi, Mwanne ni wa Newala, na watu wa Kusini wakikutana Kariakoo hawahitaji kutambulishwa mara mbili. Mwanne alimwita dada. Josepha aliangalia nyuma, akavuta kigoda karibu kabisa na kompyuta.

"Mdogo wangu, nataka unichapie kiapo. Nikipeleke kwa wakili, kigongwe muhuri, nipate cheti cha kuzaliwa cha Stella. Shule wanakitaka."

"Taja, dada, nachapa."

Josepha akataja kwa sauti ya chini, kama anayeungama. Moja, kwamba yeye ni mkazi wa Buguruni. Mbili, kwamba amemlea mtoto Stella tangu akiwa na miezi minne. Tatu, kwamba mtoto huyo si wa kumzaa yeye. Nne, kwamba mama yake mzazi, aliyekuwa mpangaji mwenzake, alimwachia mtoto akasema anarudi kesho, na hakurudi tena.

Vidole vya Mwanne vilisimama juu ya kibodi. Stella alimjua, binti wa darasa la saba, mrefu, mwenye kucheka kwa kufunika mdomo kama Josepha mwenyewe. Alikuwa akija jioni kumsaidia mama yake kubeba ndoo za vyombo.

"Mwenyewe hajui," Josepha alisema. "Nitamwambia akishamaliza mtihani. Nataka alisikie kwenye mdomo wangu, Mwanne. Asije akalisikia kwa mtu mwingine yeyote."

Printa siku hiyo ilikuwa na mashetani yake, ikamwaga wino kwenye nakala mbili za kwanza. Ya tatu ikatoka safi. Josepha aliikunja akaitia kwenye sidiria, akazioneshea kidole zile mbili zilizochafuka. "Hizo chana."

"Nachana, dada."

"Chana kabisa."

"Dada, mimi ni wa kuambiwa mara mbili?"

Josepha akacheka, roho imetulia. Na kabla hajaondoka akaagiza barakoa. Stella alikuwa anazichora zile nyuso za katuni nyuma ya madaftari mpaka mwalimu kamchapa, alisema, basi amtengenezee moja, mtoto afurahi.

Ijumaa Mwanne akaikalia kazi ile. Alichagua msichana mwenye masikio ya mbweha na nywele za bluu. Alipofika kwenye kubandika ndani, akaingiza mkono kwenye boksi, na karatasi za juu kabisa zikawa zile mbili za Josepha, alizozitupia humo Jumanne bila kuzichana. Wala tusimtetee hapa. Aliziona. Alizitambua. Akajiambia, si nimeambiwa nizichane? Huku si ndiko kuchana kwenyewe? Nikizibandika maandishi yakiangalia chini, nani atayaona? Akaweka rula, akachana mstari baada ya mstari, kila sentensi ikatoka nzima kwenye kipande chake. Alikuwa anapaka gundi huku simu imebanwa kwenye bega, anapiga soga na mtu wa Newala kuhusu harusi, na ukiwa na gundi vidoleni na soga sikioni huangalii kipande kipi kimelala kifudifudi na kipi kimelala chali. Jumamosi Josepha akaja kuichukua, akaisifia, akaifunga kwenye kanga.

Alhamisi iliyofuata, saa tisa, akaja kijana mmoja kununua barakoa nyingine. Akaigeuza kutazama lastiki, akaanza kucheka.

"Dada, humu ndani kuna barua. 'Yah: kuomba ruhusa ya ugonjwa.' Huyu alikuwa anaumwa nini?"

Mwanne aliitikia kile kicheko sekunde moja, halafu kikamkauka. Akaiona Ijumaa yote, gundi, simu, harusi ya Newala. Akainama chini ya meza akapekua boksi kwa mikono miwili. Kwenye vipande vilivyobaki akakuta kichwa cha kiapo, akakuta namba moja, akakuta mahali pa kuweka sahihi. Namba mbili, yenye jina la Stella, hakuiona. Namba tatu hakuiona. Namba nne hakuiona. Alipekua mara ya pili akijua kabisa hazimo, kijana amesimama na barakoa yake mkononi hajui amekosea nini. Mwanne alimpa bure, akateremsha shata.

Njia nzima ya Buguruni alikuwa anatunga uongo. Ndiyo, uongo, wala si ukweli. Aibu ina tabia hiyo, inakwambia kwanza jifiche, mengine baadaye. Atasema gundi aliyotumia ilikuwa mbovu. Ataichukua barakoa, atazibandua karatasi usiku, atairudisha safi, na dunia itaendelea. Siku tano tu zimepita. Mtoto gani anatazama ndani ya barakoa?

Alimkuta Josepha uani, mbele ya mlango wa chumba chake, anachambua mchele wa kesho. Stella alikuwa bombani, amekunja sketi, anasugua sufuria kubwa kwa majivu.

"Shikamoo, anti," Stella alisema.

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo." Akarudi kwenye sufuria.

Josepha alifurahi kupata mgeni. Akamvutia kigoda, akammiminia chai, akaanza kumsifia mtoto kabla hata hajaulizwa. "Yaani huyu kabadilika, Mwanne. Tangu Jumapili sijui kaingiwa na nini. Anaamka kabla yangu, vyombo vyote anaosha yeye. Nikimwekea nyama anairudisha kwenye sahani yangu, eti mama umechoka, kula wewe. Ugomvi wa simu hakuna. Nami nilikuwa nalia na Mungu mtoto kaanza utukutu! Nadhani ni ukubwa, akili imeingia."

Chai ikawa chungu mdomoni kwa Mwanne. Lakini uongo alikuwa ameshautunga, akautoa. "Nimekuja kuitazama ile barakoa, dada. Gundi niliyotumia haikuwa nzuri, naogopa itabanduka."

"Stella, mletee anti yako ile maski."

Stella alinawa mikono taratibu, akaingia ndani, akatoka nayo. Mwanne aliigeuza. Kwenye paji na kwenye shavu la kushoto karatasi zilikuwa zimetolewa moja moja, kwa ustadi, bila kuikwaruza manila. Aliyezitoa hakuwa na haraka.

"Gundi iko vizuri, anti," Stella alisema, anamtazama usoni. "Haibanduki mpaka uweke maji ya moto."

Hapo Mwanne alitamani ardhi ipasuke immeze na kigoda chake. Josepha hakusikia la ajabu. Alikuwa ameinamia ungo, anatafuta chuya. "Umeona? Nilikwambia kazi yako haina wasiwasi," alisema. Kisha akamsogelea sikioni, kwa ule mnong'ono ambao mtu mwenye furaha anadhani hausikiki. "Na ile shughuli yetu imepita, wakili kagonga muhuri. Namshukuru Mungu nilikuja kwako. Kwa mwingine yangeshafika sokoni."

Stella alikuwa hatua mbili kutoka pale. Aliinama, akachota majivu, akaendelea kusugua sufuria ambalo lilikwisha kung'aa zamani.

Mwanne alishindwa kukaa. Akaaga, akasema ameacha duka. Josepha, kwa vile ni mstaarabu na mgeni haondoki peke yake, akasema, "Stella, msindikize anti."

Walitembea mpaka penye kona ya fundi pikipiki. Mwanne alikuwa anatafuta pa kuanzia, lakini mtoto akamtangulia.

"Anti, mtu akiapa kwamba mtoto si wake, wanakuja kumchukua lini?"

"Nani aje amchukue?"

"Serikali. Au yule aliyesema anarudi kesho."

Mwanne akasimama katikati ya njia, bodaboda zikampigia honi. "Stella, hakuna anayekuja. Kile kiapo ni cha kupatia cheti chako cha kuzaliwa tu. Mama yako anakihangaikia kwa ajili ya shule."

"Sasa mbona kaandika si wa kumzaa?" Aliuliza bila kulia. Ingekuwa nafuu angelia. "Mimi naosha vyombo vyote sasa. Sisumbui. Anti, usimwambie kama najua. Akijua najua, ataona hakuna haja ya kungoja, atanirudisha."

Nitakwambia jambo ambalo Mwanne hajamwambia mtu mwingine. Kwa muda mfupi sana, pale kwenye kona, alifurahi. Mtoto mwenyewe ameomba siri! Akisema sawa, kosa lake limezikwa. Josepha ataendelea kumsifia, watu wataendelea kumletea barua zao, naye atakuwa ni yule yule Mwanne asiyetoa maneno. Neno "sawa" lilishafika kwenye ulimi. Halafu akaiona ile mikono ya Stella, vidole vimechubuka kwa majivu ya siku tano, na ile furaha ikazimika. Alijichukia namna ambayo hakuwahi kujichukia.

"Turudi," alisema.

"Anti, nakuomba."

"Turudi, mwanangu. Mimi ndiye wa kusema, wewe hutasema chochote."

Josepha alipowaona akacheka. "Umesahau nini tena?" Kisha akaziona sura zao, akauweka ungo chini.

Mwanne hakukaa. Alisema akiwa amesimama, harakaharaka, maana alijijua, akipumzika ataanza kujitetea. "Zile karatasi mbili ulizoniambia nichane, nilizichana nikazibandika ndani ya barakoa. Nilijua ni zako. Gundi nimekudanganya, nilikuja kuficha kosa langu. Stella amezisoma tangu Jumapili. Anadhani kile kiapo ni cha kumrudisha kwa watu. Ndiyo maana anaosha vyombo. Ndiyo maana hali nyama."

Uani mpangaji mmoja aliyekuwa anaanua nguo akajitia hamnazo, akaingia ndani. Mwanne alisubiri matusi. Aliyataka, ukweli ndio huo. Matusi yangempa cha kubeba aondoke nacho. Lakini Josepha hakumtazama hata kidogo. Alikuwa anamtazama mtoto, anazihesabu upya moja baada ya nyingine zile siku tano alizozisifia.

"Njoo," alimwambia Stella.

Stella alisogea hatua moja akasimama. "Nilikuwa bado sijamaliza sufuria, mama."

"Liache sufuria. Njoo."

Akamvuta, akampakata mtoto mrefu vile, miguu ikiburuzika chini. Akamshika mikono, akaigeuza, akaitazama viganja. Mwanne alifungua mdomo aseme samahani, na ndipo Josepha alipokumbuka kuwa bado yupo.

"Mwanne, tupishe," alisema, kwa upole ule ule anaomwambia nao mteja aliyesimama mbele ya jiko.

Mwanne akawapisha. Alipokuwa anapita kwenye kamba ya nguo alimsikia Josepha anaanza, "Ulikuwa na miezi minne, na ulikuwa unalia sana usiku," naye akaongeza mwendo ili asisikie yaliyobaki.