Malalamiko ni ya Raia

Mambo yaliharibika Jumatatu, tarehe tisa Machi, siku ya nne tangu fundi plasta amzike mkewe. Barua ikaja: ombi lao la uraia limefungwa, kwa kuwa mwombaji mkuu amefariki dunia.

Miezi kumi na minne ombi hilo lilikaa kabatini likingoja sahihi moja. Miezi hiyohiyo hospitali ilikuwa ikimwambia mkewe kwamba upasuaji ni wa raia kwanza. Sahihi haikuja. Lilikuja kaburi.

Siku ileile fundi akaenda ofisini kulalamika. Afisa, ambaye watu walimwita Bwana Subiri maana neno hilo halimbanduki mdomoni, hakuinua hata uso.

"Malalamiko ni ya raia, mzee. Kafungue ombi lako mwenyewe, ufanye mtihani kwanza. Maswali mia yamo kwenye kijitabu."

"Na nikifaulu?"

"Ukifaulu utalalamika mpaka ukauke koo." Akacheka. Karani wake naye akacheka, kwa sababu ya mshahara.

Fundi aliishia darasa la tatu. Kila asubuhi binti yake alimsomea jibu moja wakinywa chai, naye akaenda nalo kazini. Huko alilichora kwa msumari kwenye plasta mbichi, akalitamka huku akinyoosha kona, likishamkaa kichwani akalipitishia mwiko. Ghorofa zima lina sheria za nchi kutani, na mwenye nyumba hana habari.

"Fundi, unapiga plasta au unausomesha ukuta?" mchanganya zege alimtania.

"Ukuta unaelewa upesi. Jaribu kuisomesha serikali."

Asubuhi ya mtihani binti yake alimfunga vifungo vya shati. "Baba, kweli unautaka uraia wa hawa watu? Baada ya waliyomfanyia mama?"

"Uraia wao siutaki hata wa kufutia miguu, mwanangu. Ninachotaka ni ile fomu ya malalamiko. Bila uraia hawanipi."

Mtihani ulikuwa wa mdomo. Maswali kumi, lazima upate manane. Fundi akakosa ubeti wa tatu wa wimbo wa taifa, akakosa na idadi ya majaji. Likabaki swali moja, na hakuwa na la kukosa tena.

Bwana Subiri alilisoma huku akipiga miayo. "Ofisi ya umma ikimdhuru mtu kwa uzembe, nani anawajibika?"

"Mtumishi aliyelishika jambo hilo. Yeye mwenyewe, kwa jina lake."

"Sahihi." Mhuri ukagonga. "Hongera, raia. Mwingine!"

Fundi hakuinuka. "Naomba fomu ya malalamiko."

"Subiri kidogo, mzee..."

"Aliyesubiri nimeshamzika. Lete fomu."

Safari hii karani hakucheka. Aliileta. Fundi akaijaza palepale, herufi moja baada ya nyingine, foleni nzima ikimtazama kutoka mlangoni. Alipomaliza akaigeuza karatasi imwelekee afisa, akamsubiri aisome. Bwana Subiri akasoma, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Fomu ile ikagongwa mhuri wa kupokelewa, ikapewa namba. Mwaka wa pili huu. Nafasi ya majibu ni nyeupe kama ilivyotoka kiwandani, na juu yake pana mstari mmoja tu wa mwandiko wa fundi:

"Faili la mke wangu lilikuwa kwenye kabati la nani?"