Kiraka cha Boya

Mimi natengeneza meno bandia. Nina diploma yake, nimeitundika ukutani kazini, na nusu ya wazee wa mtaa wetu wanacheka kwa kazi ya mikono yangu, hata wanaponicheka mimi. Nikitoka kazini natengeneza ndege ndogo za plastiki. Mke wangu anasema wenzake wana waume wanaokunywa, yeye kapewa wa kunusa gundi.

Hii ndege aliniomba baba mkwe. Ujanani alipelekwa vitani, mbali huko, kubeba mizigo ya jeshi. Asubuhi moja akaiona ndege ya Mjapani inasukumwa na maji kuja ufukweni. Haikuwa na magurudumu. Chini ya tumbo ilikuwa na boya moja refu kama mtumbwi, na mengine mawili madogo chini ya mabawa. Rubani alikuwa amekufa kitini. Mzee, wakati huo ana miaka kumi na tisa, aliingia majini akalishika lile boya kubwa, pale palipopigwa kiraka cha bati tupu lisilo na rangi. Bati likamchana kiganja. Kovu analo mpaka leo.

Kasimulia hivyo miaka hamsini, na miaka hamsini wanawe wanamcheka. "Baba, ile ndege yako ya viatu ilikuwa inavaa namba ngapi?" shemeji yangu humuuliza mezani, na meza nzima huvunjika mbavu.

Sasa presha ya macho ilikuwa inammaliza. Daktari hakumficha: la kushoto limekwenda, la kulia lina miezi miwili, ikizidi sana mitatu. Ndipo akanivuta pembeni.

"Mkwe, wewe una mikono. Nitengenezee ile ndege. Nataka niione mara moja tena, na hawa waione, nami niwaone wakiiona."

"Baba, hilo dogo."

"Na kiraka usisahau."

"Baba, siku niliyooa nasahau, kiraka sisahau."

Akacheka, meno yangu yote yakaonekana kinywani mwake.

Niliagiza sanduku la vipande. Ndege yenyewe ilikuwa sawasawa, ila boya lilikuja laini kama yai. Kiraka nikakitengeneza mwenyewe. Kwenye filamu ya eksirei ya meno huwa kuna kikaratasi chembamba cha madini ya risasi. Nikakata mraba mdogo kama ukucha wa mtoto mchanga, nikatoboa alama za misumari kwa sindano, kona moja nikaiinua. Mzee alinielekeza kwa simu. "Upande wa mkia, mwanangu. Chini kidogo. Hapo ndipo kilipokuwa."

Wiki ya sita ikawa imekamilika. Ningeipeleka Jumapili ile, leo ningekuwa mkwe bora duniani.

Lakini maonyesho ya chama chetu cha ndege ndogo yalikuwa yamebaki wiki tatu. Tuko kumi na mmoja, na mwenyekiti tunamwita Milimita, maana hata chapati hali kabla ya kuipima. Nikampelekea aitazame.

"Kazi safi," alisema, jicho limeganda kwenye lenzi. "Ila hiki kiraka umekiona kwenye picha gani?"

"Hakiko kwenye picha. Kiko kwenye kiganja cha baba mkwe wangu."

"Kiganja siyo ushahidi, kaka. Nina picha thelathini na moja za ndege hii, hakuna hata moja yenye kiraka. Nani ataacha bati tupu kwenye maji ya bahari? Mzee wako alijikata na kitu kingine."

Sisi watu wa ndege ndogo tuna ugonjwa wetu. Tukiambiwa kitu hakiko kwenye picha, mikono inatuwasha. Nilizitazama zote thelathini na moja. Halafu nikachukua wembe, nikabandua kiraka, nikajaza alama iliyobaki, nikapiga msasa, nikapaka rangi.

Mke wangu alikuwa kasimama mlangoni. "Hicho unachotoa si ndicho baba alichokuomba?"

"Nitakirudisha baada ya maonyesho."

"Na jicho lake nalo litasubiri maonyesho?"

"Wiki tatu tu, mama watoto."

Kwenye maonyesho nilishika nafasi ya pili. Jicho la mzee lilikuwa limezimika siku nne kabla ya maonyesho. Kiraka sikukirudisha. Nilijiambia, mtu haoni tena, kiraka cha nini?

Jumapili nikamwekea ndege mikononi, mbele ya wote. Shemeji aliinuka kitini. "Jamani! Kumbe kweli ina viatu!" Hakuna aliyecheka. Miaka hamsini mzee aliisubiri sauti ile, na ilipokuja hakuisikiliza. Vidole vyake vilikuwa vimeshuka chini ya tumbo la ndege, vikalipata boya, vikaenda upande wa mkia. Vikarudi. Vikaenda tena, polepole zaidi.

"Mkwe, kiraka kiko wapi?"

Ningeweza kusema kimedondoka njiani. "Baba, kwenye picha hakipo."

"Picha ngapi?"

"Thelathini na moja."

"Nyingi," akasema. Akanirudishia ndege, mkono ukinitafuta. "Asante, fundi."

Tangu nimwoe binti yake alikuwa hajawahi kuniita fundi.

Kesho yake nilikata kiraka kipya, nikakibandika palepale, nikakimbiza ndege kwake. "Weka hapo juu ya kabati," alisema, mikono kaikunja mapajani.

Jumapili nyingine shemeji akasogeza kiti karibu na baba yake. Safari hii hakuwa na utani. "Baba, hebu tusimulie vizuri ile ya ndege. Kuanzia mwanzo."

Mzee alifuta mdomo taratibu. "Muulizeni fundi. Yeye ndiye ana picha."

Wote wakanigeukia. Na mimi, ambaye mezani sikosagi neno, nikaomba nipitishiwe chumvi.