Masjala ya Chumba cha Nyuma

Mkunga alinunua ile printa siku ya kwanza ya likizo yake, na sababu aliyowatajia watu wa nyumbani ilikuwa nusu ya ukweli. Alisema amechoshwa na mwenye duka la steshenari pale kona, mtu asiyeweza kuchapa karatasi bila kuisoma, wala kuisoma bila kumsimulia mteja anayefuata. Hilo halikuwa na ubishi. Mtaa mzima ulijua presha ya mama mkwe wake kwa tarakimu. Lakini sababu hasa ilikuwa imekaa sebuleni kwenye kochi, miguu juu ya stuli, ikitazama televisheni iliyozimwa.

Mumewe alikuwa amestaafu miezi mitatu nyuma. Kwa miaka thelathini na minane alikuwa karani wa masjala, mtunza mafaili wa idara ambayo haikuwa na barua isiyopita mikononi mwake. Walimuaga kwa keki na saa ya ukutani, na kesho yake akahamia kwenye kochi. Hakunyoa ndevu. Ukimsemesha alijibu "ndiyo" hata kwa maswali yasiyotaka ndiyo. Kila jioni mkunga alirudi kutoka kazini roho mkononi, akamkuta palepale alipomwacha alfajiri, naye bibi, mama mzazi wa karani, amesimama mlangoni akitikisa kichwa.

Shida ni kwamba mkunga mwenyewe alikuwa na jambo zito. Wiki moja kabla ya likizo, barua iliingia kwenye simu yake: ameteuliwa kuwa mkunga mkuu wa wodi mpya ya wazazi, katika hospitali iliyo mwendo wa siku nzima kwa basi, kwa miaka miwili. Nafasi ya namna hiyo alikuwa akiisubiri tangu kitinda mimba wao ananyonya, na sasa kitinda mimba ana ndevu. Akikubali, aichape barua, aisaini, aifikishe kwa mkono ofisi ya utumishi kabla ya saa sita mchana, Ijumaa ya wiki ya pili ya likizo. Asipofika, nafasi itakwenda kwa mwingine. Akamtazama mtu wa kwenye kochi, akaogopa. Mtu kama yule ukimwacha miaka miwili, utarudi ukute nini? Ndipo alipokwenda kununua printa, akiomba kimoyomoyo kwamba aliyezoea karatasi akirudishiwa karatasi atafufuka.

Akafufuka, tena kupita kiasi. Alibeba boksi hadi chumba cha nyuma, walikoweka cherehani mbovu na magunia matupu, akakisoma kitabu cha maelekezo ukurasa kwa ukurasa, pamoja na kurasa za lugha asizozijua, kwa kuwa waraka, alisema, husomwa wote. Printa ilikuwa ya kutumia mtandao wa nyumbani, bila waya. Kitabu kilimtaka abonyeze kitufe chenye alama ya mawimbi mpaka taa ya bluu ianze kupepesa, kisha aingize neno la siri la modemu. Ni kazi ya dakika kumi. Yeye ilimchukua siku tatu, kwa sababu kila hatua aliiandikia kumbukumbu. Taa ilipopepesa, aliandika saa ya kupepesa. Printa ilipoukataa mtandao mara ya kwanza, hakujaribu tena siku hiyo; aliipa muda wa kujirekebisha. Siku ya pili bibi, ambaye hajawahi kuona kitu cha umeme akakiacha bila kukichomoa, aliichomoa modemu ili ipumzike, na mwanawe akatumia saa sita kuihoji printa isiyo na hatia. Siku ya tatu neno la siri likakubaliwa, taa ikatulia, ukurasa wa majaribio ukatoka. Karani akaupiga muhuri aliouchonga mwenyewe kwenye kisigino cha kandambili.

Ijumaa saa mbili asubuhi masjala ikafunguliwa rasmi. Karani alikuwa amenyoa na kufunga tai. Meza ilikingamishwa mlangoni kwa upana, na juu yake palikuwa na tangazo: mapumziko ya chai saa nne kamili hadi saa nne na robo, kufunga saa tisa na nusu. Mwenye haja ya kuchapa alijaza fomu kwa nakala tatu: moja ya mwombaji, moja ya jalada, na ya tatu ya kuthibitisha kwamba zile mbili zipo. Mkunga aliomba kuchapa ratiba ya chanjo ya mjukuu, ombi likarudishwa kwa sababu penye "Sababu ya maombi" alikuwa ameandika "kuchapa". Bibi aliomba picha ya kitukuu chake, akaambiwa asubiri siku tatu za kazi. Akasubiri kweli, kwenye stuli koridoni, mkoba mapajani, na alipokabidhiwa picha aliinua mikono juu kama aliyeshinda kesi ya shamba. Fomu zenyewe zilipokwisha, karani alijiandikia ombi la kuchapa nyingine, akajinyima kwa kukosa tarehe. Neno la siri la mtandao alilitia kwenye bahasha, akaifunga kwa nta ya mshumaa, akaandika juu yake SIRI. Lilikuwa tarehe ya ndoa yao, na aliyeliweka ni mkunga.

Ulikuwa wehu mtupu, lakini mtu alikuwa anacheka. Mezani alisimulia mambo ya ofisini, yaani ya hatua kumi na mbili kutoka pale walipokaa, na wote wakamsikiliza kana kwamba hawakuwepo. Mkunga aliishukuru printa kila alipoipita. Kila asubuhi alisema leo nitamwambia, na kila asubuhi alimwona akifunga tai mbele ya kioo, akameza maneno.

Siku zikayoyoma mpaka Alhamisi, siku moja kabla ya mwisho. Muuguzi mwenzake akamfumbulia fumbo kwa simu: simu ikiwa kwenye mtandao uleule wa nyumbani, huipelekea printa karatasi moja kwa moja, bila fomu na bila karani. Mkunga akapanga njama. Karani akienda kunywa chai barazani, yeye ataituma barua, ataichukua, kisha atamwambia. Alijidanganya kwamba barua ikiwa mkononi, ulimi utakuwa mwepesi.

Saa nne kamili karani akatoka na kikombe chake. Mkunga akabonyeza simu, akanyata hadi masjala. Printa kimya. Akabonyeza tena. Kimya, isipokuwa taa ya rangi ya chungwa iliyokuwa inamkonyeza. Mara ya tatu alibonyeza akiwa ameinama, mkono mmoja mgongoni mwa printa, akainong'oneza vilevile alivyowanong'oneza wazazi wodini: haya mama, kidogo tu, sukuma. Haikusukuma. Robo saa ikaisha, akakimbilia jikoni akashika kisu na kitunguu.

Kilichotokea ni hiki. Kwa miaka thelathini na minane karani aliona jinsi karatasi za ofisini zinavyoota miguu, na kila alipoondoka mezani, hata kwa haja ndogo, aliitoa karatasi yote kwenye printa akaifungia kabatini. Aliporudi kutoka chai alifungua kabati, akairudisha karatasi mahali pake, na printa, ambayo haikuwa imesahau chochote, ikamwekea barua mikononi. Kisha ikamwekea ya pili. Kisha ya tatu. Nakala tatu kamili, kama kanuni ilivyotaka.

Jikoni mkunga alisikia muhuri ukigonga meza mara tatu. Kitunguu kilikuwa hakijakatwa, lakini machozi yalikwisha kuja.

Alingoja kishindo, kishindo hakikuja. Mchana karani alikula, akasifu chumvi, akarudi kazini. Saa nane bibi aliingia jikoni amebeba jalada la kijani kwa mikono miwili, na juu yake daftari la kusainiwa na anayepokea. Alikuwa ameajiriwa utarishi dakika hiyohiyo. Mkunga akasaini, akafungua. Ndani palikuwa na barua yake, imepigwa IMEPOKELEWA, na nyuma yake dokezo kwa mwandiko ulionyooka.

"Waraka huu umefika saa 4:17 bila fomu," mumewe aliandika. "Mwombaji aeleze ni lini alikusudia kuiarifu ofisi hii."

Mkunga alifuta mikono, akatafuta kalamu, akaandika chini yake: "Kila siku, kwa siku kumi na moja."

Bibi akalirudisha jalada, goti moja likilia. Baada ya muda akaja nalo tena.

"Kwa nini ofisi haikuarifiwa?"

Mkunga alikaa kitako. Aliandika akafuta, akaandika tena, na safari hii hakufuta: "Kwa miezi mitatu ofisi haikunyoa wala haikuongea. Nilikuwa narudi jioni naogopa kufungua mlango. Sasa imeanza kucheka. Niliogopa nikiondoka itafungwa."

Bibi alilipokea lile jalada, akalipima uzito. Aliuliza kama wanagombana. Mkunga alisema wanaandikiana tu, mama.

"Bora mngegombana," bibi alisema. "Magoti yangu yangepumzika."

Jibu lililorudi lilikuwa neno moja, "Limesomwa", na sahihi. Jioni hiyo karani hakusimulia habari za ofisini. Alikula kidogo, akalala kifudifudi. Mkunga alimsikiliza anavyopumua, akajua hajalala, na yeye akajifanya amelala.

Ijumaa saa mbili masjala haikufunguliwa. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani, na nyuma yake printa ilisikika ikikohoa, ikinyamaza, ikikohoa tena. Bibi alitega sikio kwenye kitasa akaleta taarifa: anachapa, anachana, anachapa. Mkunga alikuwa ameshavaa nguo za kutokea. Kutoka nyumbani hadi ofisi ya utumishi ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu, na kwa mwenye duka la kona barua ingechapwa kwa dakika mbili, hata kama mtaa wote ungeijua kabla yeye hajavuka barabara. Alisimama mara mbili aende. Mara mbili akaketi. Saa tatu ikapita, na saa nne ya chai, na karani hakutoka hata kunywa chai.

Saa tano alivua viatu. Basi, alijisemea, wodi itapata mkunga mwingine kwa tangazo, lakini mume hatangazwi. Aliviweka viatu chini ya meza kwa utulivu, akafunga kanga juu ya nguo nzuri.

Hapo ndipo mlango wa masjala ulipofunguka.

"Mwombaji," karani aliita.

Alikuwa amesimama nyuma ya meza, tai kombo, macho mekundu. Alimsogezea karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa ile barua yake ya uteuzi ya kusaini, imechapwa upya kutoka kumbukumbu ya printa, safi, haina muhuri, kwa sababu, alisema akitazama pembeni, ofisi ya utumishi haiwezi kupelekewa karatasi iliyogongwa na kisigino cha kandambili. Ya pili ilikuwa fomu ya aina ambayo mkunga hakuwahi kuiona, na aliisoma kwa kusimama.

Ilikuwa ni maombi ya uhamisho. Wanaoomba kuhama: karani mmoja, mama mzazi mmoja, mashine moja ya kuchapa. Makazi: karani alinukuu kifungu cha nne cha barua ya uteuzi, ambacho mkunga kwa hofu zake hakuwahi kukifikia, kinachosema mkunga mkuu atapewa nyumba ndani ya uwanja wa hospitali, hatua mia moja kutoka wodini. Karani alikuwa ameongeza kwa kalamu kwamba hatua mia moja mtu anaweza kuzitembea na chakula cha mchana kikafika cha moto. Halafu ilikuja sehemu ya sababu, na hapo mwandiko ulionyooka ulikuwa umeyumba.

"Mwombaji alijaribu kwa miezi mitatu kukaa kwenye nyumba ambayo mkunga hayupo kuanzia alfajiri hadi jioni. Hakuweza. Kwa miaka miwili hataweza."

Mkunga alisoma hadi mwisho, akarudia.

"Mimi nilidhani ni printa," alisema. "Nilidhani printa ndiyo iliyokuponya."

Karani aliigeukia ile mashine, iliyokuwa imemchapia karatasi asubuhi nzima, kisha akamgeukia mkewe, na kwa mara ya kwanza tangu jana akamtazama machoni.

"Hii?" alisema. "Wewe ulikuwa likizo."

Koridoni bibi alikuwa ameshaanza kuuliza kama huko wanakokwenda kuna ngazi. Ilikuwa saa tano na dakika ishirini na mbili, na chini ya fomu palikuwa na mstari mtupu, wa mwenye kutoa idhini. Mkunga alichukua kalamu, akasaini fomu ya mumewe kwanza, kisha barua yake.