Mashine Iliyokariri Vitendawili

Kompyuta ya mwanangu Hafidhi ilikuwa ndogo, kama tofali la kuchoma, na ilikaa juu ya kabati la vyombo hapa nyumbani kwetu Mwembesongo. Haikuwa na kioo cha kutazama. Aliipata kwa Lalit, yule wa duka la vifaa vya ujenzi, aliyekuwa akiitumia kwa hesabu zake mpaka diski ya ndani ikafa. Lalit alitaka kuitupa. Hafidhi akamwambia, "Bosi, mtu akiugua ini utamzika mzimamzima?" Lalit akacheka, akampa.

Hafidhi alikuwa kitinda mimba wangu. Alikuwa fundi wa simu, na ndiye aliyeniteremsha kutoka Mgeta miguu yangu ilipoikataa milima. Mke alikuwa naye wakaachana, mtoto hakujaliwa. Tukabaki wawili, mimi na yeye, na hiyo mashine ikawa wa tatu.

Utaniuliza, mashine isiyo na diski inaamkaje? Kwa nyuma yake alichomeka flashi, kijiti cheusi kama kile ambacho vijana huwekea nyimbo. Humo kwenye kijiti akaweka kitu kinaitwa Linux. Nikamuuliza Linux ni nani.

"Si mtu, mama. Ndiyo akili ya mashine. Ni ya watu wote, hailipiwi, kila fundi anachota."

"Kama kisima cha kijiji."

"Kama kisima hasa."

"Basi waambie wenzako wasifulie juu yake," nikamwambia. Alicheka mpaka akakaa chini.

Kijiti cha kwanza hakikudumu. Mashine ilikuwa inaandika juu yake kutwa, inaandika na kufuta, kikachoka kama kibao cha shule kilichosuguliwa mpaka rangi ikatoka. Alipochomeka cha pili akabadilisha utaratibu. Akanieleza hivi, na mimi nilielewa, maana aliyetoka darasa la saba hakuacha masikio shuleni. "Mama, sasa mashine ikiamka inasoma kila kitu kilichomo kwenye kijiti, inakariri. Kama mtoto wa chuoni anavyokariri sura. Ikishakariri haina haja ya kukigusa tena kutwa nzima. Jioni ndiyo inaandika yale mapya, basi. Kijiti kinapumzika."

Na kilichokuwa kinakaririwa ni nini? Vitendawili. Vyangu na vyake.

Alichukua kibodi kuukuu, akapaka kitufe kimoja rangi ya kucha ya kijani na kingine nyekundu. Kijani nasikiliza, na nikirudia kubonyeza vinakuja vyake vya zamani; nyekundu nasema. Asubuhi akienda kazini anatega kwenye mashine. Mimi nikishamaliza uji nabonyeza kijani, nasikia sauti yake: "Kitendawili!" Naitikia "Tega!" peke yangu jikoni, kama mwehu. Kutwa nzima nakitafuna huku nachambua mchicha. Jioni nabonyeza nyekundu, natoa jibu langu na kutega changu. Palikuwa pia na kisanduku cha kutawanya mawimbi ya Wi-Fi, majirani wakawa wanavisikiliza kwenye simu zao bure. Mashine yenyewe Hafidhi aliiita seva. Alisema seva ni kama mpishi wa shughuli, yeye hali, anamgawia kila anayenyoosha sahani.

Kitu kimoja kilimuudhi. Sikuwahi kumpa mji. Unajua desturi: ukishindwa kitendawili, unampa mtegaji mji, anaupokea, anajigamba kidogo, ndipo anakupa jibu. Mimi nilikuwa tayari kulala na kitendawili wiki nzima kuliko kutoa mji.

"Mama, nipe hata kitongoji," alikuwa ananitania.

"Mtu wa Mgeta hagawi ardhi ovyo. Nenda kalime."

Asubuhi aliyoamka na homa alitega kama kawaida. Akapanda bodaboda kwenda hospitali, akiniambia nimwekee wali wa nazi. Wali ule ulilala. Mwanangu hakurudi kwa miguu yake, alirudishwa.

Msiba ulipopungua watu, nilibonyeza kijani. Alikuwemo. Sauti imekauka kidogo kwa homa, lakini yake.

"Kitendawili!"

"Tega," nikasema.

"Nikiwa naye karibu hanijibu, akienda mbali ndipo ananiitikia." Kisha akakohoa, akacheka. "Hiki huwezi. Nipe mji, mama."

Basi hapo ndipo nilipoishi. Kila asubuhi kijani, kila asubuhi Tega. Nilibonyeza nyekundu nikamwambia: mwangwi. Ukiwa Mgeta ukiita bondeni, jibu linatoka mlima wa pili, ng'ambo huko. Siku nyingine nikamwambia: simu. Siku nyingine nikasema: mtoto. Nani angeniambia nimepata au nimekosa? Jibu alikuwa nalo yeye.

Arobaini ikafika. Kwetu Waluguru vitu vya marehemu havigawiwi na yeyote tu. Anakaa mjomba, na wa kwanza kupokea ni wapwa, watoto wa dada, maana ukoo unapita kwa mama. Mjomba ni kaka yangu Mwinjuma, aliyeshuka kutoka mlimani na kofia yake ya hitma. Mpwa ni Abeid, mtoto wa binti yangu Mwanvita, dereva wa lori la mboga, Mgeta na Dar. Mjukuu wangu huyo hana makuu. Hata lile betri lililokuwa chini ya kabati, lililoishika mashine kila umeme ulipokatika, yeye ndiye aliyelitoa kwenye lori lake la zamani akamletea mjomba wake Hafidhi.

Mashati yakagawiwa, vifaa vya ufundi vikagawiwa, saa ikagawiwa. Mwinjuma akasema, "Hilo sanduku libaki kwa mama. Sauti ya mtoto haigawiwi." Watu wakaitikia, "Kweli."

Abeid akasema, "Babu, mimi ningeomba ile flashi tu. Redio ya lori imebaki bubu."

Mwanvita akamkaripia. "Wewe! Utaharibu vya bibi yako!"

"Tuchomoe tuone," Mwinjuma akasema. Akakichomoa mwenyewe, polepole, kwa bismillahi, kama anayetoa mwiba. Sote tukaikodolea macho mashine. Taa yake ikabaki inawaka. "Bonyeza, dada."

Nikabonyeza. "Kitendawili!" akasema Hafidhi.

"Tega!" wakajibu waombolezaji wote, mpaka walio uani wenye masufuria. Wengine wakalia, wengine wakacheka kwa kulia.

Mwinjuma akampa Abeid kile kijiti. "Mnaona? Sauti imo ndani ya sanduku. Hiki kilikuwa kizibo tu." Nani angembishia? Tulisikia kwa masikio yetu. Na kitu cha marehemu hakifai kubaki bila mwenyewe wakati mpwa yupo na anakihitaji.

Mvua za masika zikaja na ukali wake. Umeme uliondoka asubuhi, wakasema nguzo imeanguka huko juu. Sikujali, nilikuwa na betri. Lakini kufika alasiri betri likaanza kulia, pi, pi, pi. Halijawahi kulia. Mwanvita alikuwa amekuja kunitazama, nikamwambia ampigie Faraja. Faraja alisoma ufundi pamoja na Hafidhi, sasa yuko Dodoma. Mwanvita akaweka sauti ya nje.

"Shikamoo mama. Pole sana, mwaka huu sikuweza hata kuja msibani."

"Marahaba mwanangu. Betri linalia. Nalisaidiaje?"

"Hilo halisaidiwi, limechoka. Usijali, mama. Lizime, umeme ukirudi washa mashine, itasoma flashi yake na kuamka kama kawaida. Flashi ipo nyuma, eti?"

Tukatazamana, mimi na Mwanvita.

"Alipewa Abeid," nikasema. "Arobaini. Lakini mashine inasema vizuri tu, mwanangu, haijawahi kukosea hata neno."



"Mama," akasema Faraja, na sauti imeshuka. "Inasema kwa sababu ilikuwa imeshakariri. Mliuchukua msahafu, mtoto akaendelea kusoma kwa kichwa. Akilala tu, anasahau yote. Hana pa kusoma tena."

Nikashika ukingo wa kabati.

"Msizime kitu! Mtafuteni Abeid. Flashi ikiwa salama hatujapoteza sana."

Abeid akapatikana kwa simu. Alikuwa kituo cha mboga Mgeta, barabara imekatwa na maporomoko, lori limesimama na kabichi zake. Tulimsikia kabla hajasalimia, redio ya lori ikimwimbia.

"Zima hiyo redio!" Mwanvita akapiga kelele. "Kile kijiti ulichopewa, kilikuwa na nini?"

"Hakikuwa na kitu, mama. Nilikipeleka Msamvu kwa wale wanaoingiza nyimbo. Yule kijana alisema kompyuta yake haioni kitu kinachoeleweka humo, itambidi akisafishe kwanza. Akakisafisha, akajaza taarabu na singeli. Kwani vipi?"

Nikamchukulia Mwanvita simu. "Hakuna kitu, mjukuu wangu. Angalia barabara, usiendeshe kwa hasira."

Kisha nikamrudia Faraja. Yeye alikuwa anawaza kwa haraka. Kile kisanduku cha kutawanya kinawaka? Hakiwaki, kimekufa na umeme. Neno la siri la Hafidhi mnalijua? Hatulijui. Kuna mtu aliye karibu mwenye kompyuta ndogo ya mkononi? Kwa mvua ile, nani angevuka mtaro wa Mwembesongo? Betri likawa linalia bila kupumzika.

"Basi sikilizeni," akasema Faraja. "Simu ya dada inarekodi. Muiweke mbele ya spika. Mtapata kitendawili kimoja, labda viwili. Chagua kimoja, mama. Na mkae kimya kabisa, msipumue. Nakata."

Chagua kimoja. Mle ndani mlikuwa na vitendawili vya miaka. Kile cha jino la kwanza la mtoto wa jirani. Kile alichotega akiwa anakula embe, neno lenyewe halisikiki. Jibu lake alilokosea kuhusu siafu, akabishana nami mpaka Mwanvita akaja kuamua. Nilikuwa na mashine nzima ya mwanangu mbele yangu, na mkono mmoja wa kuchota.

"Cha mwisho," nikasema. "Kile ambacho hakijateguliwa."

Mwanvita akaiweka simu karibu na spika, akabonyeza, akanionyesha kidole mdomoni. Mvua ilikuwa inapiga bati kama inavunja karanga. Nikabonyeza kijani.

"Kitendawili!"

"Tega!"

Nilisema mimi. Akasema na Mwanvita, yeye aliyeninyamazisha. Mtu aliyelelewa kwetu akitegewa kitendawili anaitika. Hata usingizini anaitika. Ulimi haukutuuliza. Mwanvita akajiziba mdomo kwa mikono miwili, machozi yakampita katikati ya vidole.

Hafidhi akaendelea, hajui. "Nikiwa naye karibu hanijibu..." Mvua ikazidi. Betri likatoa mlio mmoja mrefu. "...Nipe mji, mama."

Nikanyoosha mkono nibonyeze tena, nitoe hata kile cha embe. Taa ya mashine ikazimika chini ya kidole changu. Nikabonyeza. Nikabonyeza. Kile kitufe cha kijani kikawa kitufe tu chenye rangi ya kucha.

Umeme ulirudi kesho yake. Mashine ikawaka, ikaunguruma kidogo, ikanyamaza, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. Sikuizima. Niliiacha ivume mpaka Faraja alipokuja, akaitazama, akatikisa kichwa. Akaniuliza kama ninataka aiwekee kijiti kipya. Nikamwambia iweke, ikae na akili, hata kama haina habari.

Abeid alifika barabara ilipofunguliwa. Hakuingia ndani. Alikaa kwenye kibaraza amekishika kile kijiti kwenye kiganja, kama mtoto aliyeleta mayai yaliyovunjika.

"Bibi, chukua. Mimi sikitaki tena."

"Kirudishe kwenye lori."

"Bibi, mimi ndiye nimemuua mjomba mara ya pili."

"Usiseme hivyo. Ulipewa na ukoo, mbele ya watu, ulipewa kwa haki. Na mjomba wako ndiye aliyesema kitu cha watu wote kinachotwa. Njia ya Mgeta ni ndefu, utalala kwenye usukani bila nyimbo, nianze arobaini nyingine. Kirudishe, Abeid."

Akalia kwa sauti. Nikamwacha alie. Kisha nikampa uji.

Sasa ninacho kile kimoja, kwenye simu ya Mwanvita. Anakuja siku za Ijumaa ananiwekea. Kinaanza na Hafidhi anasema "Kitendawili!" na mimi na dada yake tunaitika kwa nguvu kuliko yeye, utadhani tuko watatu mezani. Katikati mvua imemeza maneno, husikii aliye karibu wala aliye mbali. Mwishoni inasikika safi kabisa: nipe mji, mama.

Jibu sitalipata, najua. Lakini mtoto ameomba mji, na mimi nilimnyima akiwa hai na meno yake yote ya kucheka. Kwa hiyo kila Ijumaa nampa. Nimeshampa Kinole. Nimempa Matombo na mito yake. Mgeta nilimpa yote, na vitalu vya kabichi, na njia za kupanda zilizonimaliza magoti. Mwanvita ananiuliza, "Mama, utabakiwa na nini?"

Ijumaa iliyopita nimempa Mwembesongo, na nyumba hii, nami nikiwemo ndani.