Mstari wa Manjano

"Usipumulie kioo, Mzee Hiribae," alisema Mwalimu Kaingu. "Leo hata pumzi yako ni uchafu."

Wanafunzi walicheka. Hiribae alirudi nyuma, kitambaa mkononi. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa kibarua wa maabara katika shule hii ya Garsen, akiosha vyombo ambavyo majina yake aliyaokota mlangoni wengine wakifundishwa. Mkuu wa shule alimwahidi: maonyesho ya leo yakimpendeza mgeni, ataandikiwa barua ya kuajiriwa. Yakiharibika, arudi kwao upande wa Kipini, ambako maji ya bahari yalipanda mtoni yakaua mpunga wake wote.

Mezani palikuwa na mrija wa kioo uliofyonzwa hewa na kutiwa haidrojeni kidogo. Umeme ulipopita, gesi iliwaka rangi ya waridi.

"Hii ni plazima," Kaingu alimweleza mgeni, "kama ya zile tanuri za kuunganisha viini vya atomi, ila yetu ya kitoto. Na hii spektroskopu inautenga mwanga kuwa mistari. Uchafu ukiingia, mstari wake unausema."

Jana yake Hiribae alikuta maji ya betri, yale ya kuoshea mirija, yamekwisha. Kaingu alikuwa ameyatia kwenye betri ya gari lake. Basi mzee akafanya kama watu wa afya walivyowafundisha wanakijiji wakati wa mafuriko: akateka maji ya kisima, akayachemsha mpaka yakapungua nusu, akayachuja kwa leso, akaosha mara tatu. Maji safi kuliko hayo hakuyajua.

Mgeni, Dakta Winfred, aliinamia chombo, akakawia.

"Nyekundu ipo. Buluu ipo. Lakini huu wa manjano umeshinda yote. Sodiamu hii. Mwalimu, mmeiunga haidrojeni kwa chumvi?"

Kaingu aligeuka. "Mzee, uliosha na nini?"

"Maji ya kisima, mwalimu. Niliyachemsha sana."

"Ukapunguza maji, ukaizidisha chumvi!" Alinyakua mrija wa akiba uliooshwa pamoja na ule, akausogeza mdomoni mwa mzee. "Lamba. Mwambie Dakta ni nini."

"Aa, si lazima," alisema Winfred, huku akitabasamu.

Hiribae alilamba. Akafumba macho, akaungoja ulimi umwambie, maana alitaka kujibu kweli.

"Sisikii chumvi, mwalimu."

Hakudanganya. Maji yale ndiyo aliyoyanywa miaka yote, hana mengine ya kulinganishia. Darasa zima likaangua kicheko. "Mzee Chumvi!" mmoja alipaza sauti kutoka nyuma, na wenzake wakaliitikia jina hilo kama wimbo.

Mkuu wa shule, aliyesimama kando ya mgeni, hakucheka. Alinyoosha mkono tu. "Ufunguo wa maabara, mzee."

Hiribae aliufungua kwenye kamba ya kiunoni. Fundo lilikuwa limekaza, akachukua muda, wote wakimtazama.

Alipofika kwenye geti jua lilikuwa utosini. Nyuma yake pampu ya kufyonza hewa ilikuwa bado inanguruma, kuukuu, yenye namna yake ya kuzimwa aliyoijua yeye tu. Alisimama kidogo, kama mtu anayesubiri kuitwa.